Motokari-nyumba za zamani: kinachoua si kilometa, ni kukosa kuangalia



Tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka 2011, kule Empire, jimbo la Nevada mu Marekani, kampuni ya USG ilifunga kiwanda chake. Empire ilikuwa mji wa kampuni, sawa makambi tunayoyajua siye: mawe ya jipsi yanachimbwa karibu, kiwanda kinatengeneza mabao ya plasta ya kujengea kuta na plafoni, na nyumba ni za kampuni. Nyuma ya mwaka 2008 watu wa Marekani walipunguza sana kujenga nyumba, na soko ya plasta ikaanguka. Watumikaji 95 wakapoteza kazi. Waliachiwa wakae mpaka watoto wamalize mwaka wa masomo, mwezi wa sita. Kisha kila mtu akafunga mizigo yake. Hata namba ya posta ya Empire, 89405, ikafutwa.

Mtu wa mine haombi kuelezwa mara mbili: kazi ikienda, nyumba nayo inaenda.

Hadithi ya Empire imejulikana sana kwa sababu ya kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, cha mwaka 2017, na filme ya jina lile lile iliyopata Oscar mwaka 2021. Kitabu kinafuata watu wa Marekani wenye umri mukubwa, waliokosa namna ya kulipa nyumba, wakaenda kuishi ndani ya motokari. Lakini leo sitazungumza juu ya filme. Nitazungumza juu ya zile motokari zenyewe: namna mtu wa mufuko mwepesi anachunga kitu cha miaka 30 ao 40, mpaka kiendelee kutembea na kulalisha watu ndani.

Inatuhusu nini siye wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi? Kuko sababu mbili. Ya kwanza: wengi wetu, kontra ikimalizika, dekonti finali inaenda kununua basi ya zamani ya kufanya taksi, ao kamiyo. Wengine wanapata fayida. Wengine, nyuma ya miezi sita, motokari iko juu ya mawe mu parseli na watoto wanachezea mu kiti ya shoferi. Ya pili: ugonjwa mubaya kuliko yote ya zile motokari unaingia hata mu nyumba zetu za matofari. Huo nitausema mwisho, na ninaomba msome mpaka kule.

Ni motokari gani hizi?

Ziko za aina mbili kubwa. Moja ni karavani, nyumba ndogo bila moteri, inayovutwa na motokari nyingine. Ya pili ni motokari-nyumba yenyewe, ile Wafransa wanaita camping-car: shasi na moteri ya kamiyo, juu yake wamejenga chumba chenye kitanda, jiko la gazi, frigo, tanki ya maji na choo.

Jina kubwa kule ni Winnebago, kiwanda cha mji wa Forest City, jimbo la Iowa. Mwaka 1958 ule mji wa walimaji ulikuwa na shida ya kazi, na wafanyabiashara wa pale wakaleta kiwanda cha karavani juu vijana wasiondoke wote. Mwaka 1966 kiwanda kikaanza kutengeneza motokari-nyumba. General Motors nayo ilitengeneza yake toka mwaka 1973 mpaka 1978, na mpaka leo kuko watu wanaotembea nazo. Zimezeeka kuliko baba wa familia wengi wanaosoma gazeti hili.

Kila baridi, zile motokari zinajikusanya kwa wingi mu jangwa la Quartzsite, jimbo la Arizona. Serikali ina fasi kubwa pale: ukilipa ruhusa, unaweza kukaa toka tarehe 15 mwezi wa 9 mpaka tarehe 15 mwezi wa 4. Fasi nyingine nyingi za udongo wa serikali ni siku 14 tu, kisha usogee. Wenye nguvu wanafuata kazi: kuvuna betrave za sukari, kulinda makambi ya watalii, ao kupanga mizigo mu madepo. Amazon ilikuwa na programu ya kuajiri watu wa motokari-nyumba tu kwa miezi ya mwisho wa mwaka, jina lake CamperForce.

Sasa ona hesabu ya mtu kama huyo. Motokari ikikatika, siku moja anapoteza nyumba, njia ya kufika ku kazi na mushahara. Njo maana wale watu wamejifunza kuangalia mbele ya kuharibika. Wanajua kama motokari-nyumba iko na magonjwa ya motokari na magonjwa ya nyumba kwa pamoja.

Kukaa kunaharibu kuliko kutembea

Neno la kwanza la wale wenye kuzoea: usidanganywe na kilometa. Motokari-nyumba ya miaka 30 inaweza kuwa na kilometa kidogo sana. Muuzaji anapigia kifua: «Haijatembea, ingali mupya!» Mwenye akili anaogopa, sababu kitu kilichokaa kimeoza polepole bila mtu kuona.

Esansi iliyokaa mu tanki inageuka sawa gundi na kuziba karburateri. Tiyo za kauchu zinakauka na kupasuka. Panya wanaingia, wanajenga nyumba mu matakataka ya moteri na kukata nyuzi za umeme. Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewa. Bateri inakufa. Mipira inapasuka kwa jua hata kama meno yake ingali marefu.

Kwa hiyo ukikuta motokari ya bei nzuri iliyolala mu parseli miaka mitatu, usihesabu bei yake tu. Hesabu bei, uongeze tiyo zote, bateri, mipira na kazi ya freni. Hapo njo utajua bei ya kweli.

Mipira: soma tarehe, usitazame meno

Kila mpira wa motokari uko na tarehe ya kuzaliwa, na ni watu kidogo wanaoisoma. Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wa ile mustari kuko namba nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2311, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2011. Ukikuta namba tatu tu, ule mpira ni wa mbele ya mwaka 2000; usiuguse.

Kampuni Michelin inashauri hivi: kama mpira umetumika miaka mitano, fundi auangalie kila mwaka, na nyuma ya miaka kumi toka siku ya kutengenezwa utolewe, hata kama unaonekana muzuri. Motokari-nyumba njo inaonyesha sababu. Mipira yake haimalizike meno, sababu haitembei sana; inakufa kwa uzee na jua. Meno iko, lakini ndani kauchu imekauka. Siku ya joto, na mizigo juu, unapasuka. Na ukipasuka chini ya motokari-nyumba, vile vipande vinapiga sakafu, vinakata tiyo ya maji na hata ya gazi.

Hii ni fundisho la moja kwa moja kwetu tunaonunua mipira okazyo kando ya barabara. Muuzaji anaipaka rangi nyeusi, inangaa. Wewe inama, tafuta DOT, soma. Haiombi diplome wala franka hata moja.

Kama motokari iko na mipira mbili mbili nyuma, pima ule wa ndani pia. Watu wanapima wa inje tu juu ni mwepesi kufikia, na ule wa ndani unatembea bila upepo mpaka unawaka moto. Na upepo unapimwa asubuhi, mpira ungali baridi.

Maji yanaanzia juu

Ugonjwa unaoua motokari-nyumba nyingi si moteri. Ni mvua. Paa yake iko na matundu mengi: ya kupitisha hewa, ya choo, ya antena. Kandokando ya kila tundu kuko mastiki. Jua linakausha mastiki, inapasuka ufa mwembamba sawa unywele, na maji yanaingia kidogo kidogo. Kuta zile nyingi ni mbao nyembamba na tripleksi kati ya aluminyo ya inje na karatasi ya ndani. Zikishalowana, zinaoza bila kuonekana. Siku unaona doa ku plafoni, kazi ya maji ni ya zamani.

Namna ya kupima ni ya mikono. Bonyeza kuta na kidole gumba, zaidi ku kona, chini ya madirisha na kandokando ya matundu. Ikilegea sawa mukate, imeoza. Vuta hewa na pua: harufu ya ukungu haidanganye. Geuza visi moja: kama inazunguka bila kushika, mbao yake imekwisha.

Kutengeneza, kuko mupango, na mtu akiugeuza anapoteza pesa. Kwanza ziba fasi maji yanaingilia, ambayo mara nyingi haiko pale doa linaonekana; maji yanatembea juu ya mbao mbele ya kudondoka. Pili acha ikauke kabisa. Tatu kata ile imeoza na uweke mbao mupya. Wengi wanaanzia mwisho: wanapaka rangi ku doa. Tena kila mara utoe mastiki ya zamani mbele ya kuweka mupya. Na wazoefu hawataki silikoni juu ya paa: siku ya kwanza inaonekana safi, lakini ikizeeka inabanduka, na hakuna mastiki nyingine inayoshika juu yake.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa si mufano, ni vile vile.

Umeme: anza na kitu cha bei kidogo

Motokari-nyumba iko na bateri mbili ao zaidi: moja ya kuwasha moteri, nyingine ya taa na pampu ya maji. Zisichanganywe, sababu mtu akisahau taa usiku, asubuhi moteri haiwake.

Bateri ya volti 12 inapimwa na voltimetri ikiwa imepumzika. Volti 12,6 ao zaidi kidogo, imejaa. Volti 12,2, imebaki nusu. Ile bateri ya kawaida ya asidi, ukizoea kuishusha chini ya nusu, unaiua mbele ya siku zake. Hii inahusu pia mabateri tunayowekea panele za jua mu nyumba wakati umeme unakatika. Na zile za kuongezwa maji, usizichajie mu chumba cha kulala: zikichajiwa zinatoa gazi inayowaka. Ziweke fasi yenye hewa.

Taa ikikataa, usikimbilie kununua taa. Mu motokari ya zamani, mara nyingi shida ni masi: ule uzi unaorudi ku chuma cha motokari umeshika kutu. Fungua, kwangua mpaka chuma ingae, funga tena. Ule unga mweupe na wa kijani ku vichwa vya bateri, safisha na maji yenye bikarboneti.

Na neno moja la nguvu: fizibli ikiungua, inakuambia kitu. Usiweke kubwa zaidi, na usiweke kipande cha uzi ao karatasi ya sigara. Fizibli inaungua juu motokari isiungue. Ukiifunga mudomo, uzi njo utaungua mu pahali pake, ndani ya ukuta wa mbao, na watu wamelala.

Moteri inakataa: mupango wa kutafuta

Moteri ya esansi inaomba vitu vitatu: esansi, hewa, na moto wa buji kwa saa yake. Mwenye motokari ya zamani anatafuta kwa mupango, hafungue kila kitu kwa pamoja.

Ukizungusha ufunguo na demareri inapiga tak-tak tu, angalia bateri na vichwa vyake. Demareri inazunguka vizuri lakini moteri haishike, angalia buji: moto uko ao hauko? Moto ukiwako, fuata esansi: filtri imeziba? tiyo imepasuka? pampu inavuta? Ukiwa mu joto kali na moteri ya karburateri inazima wakati wa kupanda mulima, kisha inawaka tena nyuma ya nusu saa, inawezekana esansi imechemka mu tiyo na kugeuka mvuke. Shoferi wa Arizona wanaijua sana. Acha ipoe, kisha tafuta fasi tiyo inapita karibu ya chuma cha moto, uisogeze.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Mtu anayebadilisha vitu vitano mara moja, hata moteri ikishika hajue ni nini kiliiponyesha. Kesho shida ikirudi, analipa tena vitu vitano.

Na ile tabia ya kumwanga esansi na mukono mu karburateri wakati mwenzako anazungusha ufunguo, tuiache. Moteri ikipiga chafya, moto unarudi mu uso wako.

Freni na uzito

Watu wa mine wazi wanajua barabara ya kushukia mu shimo: dumperi inashuka na nguvu ya moteri kuishikilia, haishuke kwa freni tu. Motokari-nyumba inaomba vile vile. Iko nzito, na freni zake za zamani zikikanyagwa muda murefu zinapata moto mpaka zinaacha kushika. Shuka mu vitesi ya chini, toka juu ya mulima, si katikati.

Mafuta ya freni yanakunywa maji kwa hewa. Freni zikipata moto, yale maji yanachemka, pedali inaenda mpaka chini na hakuna kitu. Kwa hiyo mafundi wengi wanayabadilisha kila miaka mbili, hata kama motokari haikutembea. Kipimo cha mbele ya safari: kanyaga pedali na nguvu, shikilia dakika moja, moteri ikiwaka. Kama pedali inashuka polepole chini ya muguu, usiende. Iko fasi mafuta yanatoroka.

Uzito nao unadanganya. Litri moja ya maji ni kilo moja. Tanki ya litri 150 ni kilo 150. Ongeza chupa za gazi, vyombo, nguo, mbwa. Wazoefu wanapitisha motokari yao ku mizani ya malori, wakilinganisha na kipande cha chuma kinachoandikwa uzito wa mwisho. Siye tunaojaza basi mpaka mtu analala juu ya mizigo, tufikirie: ile freni ilitengenezwa kwa uzito gani?

Gazi, na moshi usioonekana

Sasa tumefika ku ile nilisema mutangulizi.

Motokari-nyumba inapika, inapata moto na hata inapoza frigo kwa gazi ya chupa. Ile gazi ni nzito kuliko hewa. Ikitoroka haipande, inashuka na kulala chini sawa maji, ikingoja cheche. Kwa hiyo tundu la hewa linawekwa karibu ya sakafu, na kifaa cha kupiga alama ya gazi kinafungwa chini. Kutafuta fasi inatoroka, wanapaka maji ya sabuni ku tiyo na ku detanderi: mapovu yakitoka, ni pale. Kiberiti hapana, hata siku moja. Tiyo ya kauchu ikipasuka nyufa, haifungwe na utepe, inabadilishwa.

Ndimi za moto ziwe za bluu. Zikiwa za njano na zinapaka sufuria masizi, gazi haiunguzwe vizuri. Mu motokari iliyokaa, mara nyingi ni buibui: wanapenda kuingia mu kile kitobo kidogo cha gazi na kufuma utando. Kazi ya kusafisha ni ya dakika kidogo. Lakini asiyeisafisha anakaribisha yule muuaji.

Muuaji ni monoksidi ya kaboni. Inatoka fasi yote kitu kinaunguzwa bila hewa ya kutosha: jiko, moteri, jenereta, makala. Haina rangi, haina harufu. Inaingia mu damu na kushika pale oksijeni inapaswa kushika, tena inashika kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Anafikiri ni malaria ao uchovu. Analala. Haamuke.

Ndugu zetu wa mine za makaa ya mawe walilipa somo hili kwa maisha. Mu Uingereza walishusha ndege kanari mu mashimo, juu ndege analegea mbele ya mtu, na ile desturi ilikwisha mwaka 1986 tu, wakati vifaa vya kupima vilichukua pahali pake. Leo mu motokari-nyumba kifaa kama kile ni kidogo sawa sanduku la sabuni. Wazoefu wanakifunga karibu ya fasi ya kulala, wanakijaribu kila mara, na wanasoma tarehe yake, sababu nacho kinazeeka. Tena wana sheria tatu bila msamaha: jiko la kupikia si la kupashia chumba moto; jenereta haiwashwe karibu ya dirisha; usiku dirisha moja linabaki wazi kidogo, hata kama baridi inauma.

Sasa rudi na mie mu nyumba zetu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Katanga inashuka. Mama amemaliza kupika bukari inje, makala ingali nyekundu, watoto wanatetemeka. Anaingiza mbabula mu chumba, anafunga mulango na kuweka kitambaa chini yake juu upepo usipite. Anafanya ile kwa upendo. Lakini makala nyekundu bila moshi njo inatoa ile gazi kwa wingi. Moshi ukiisha haimaanishe kama hatari imeisha. Chumba kidogo kilichofungwa na mbabula ndani, ni motokari-nyumba yenye jiko bovu. Na jenereta inayowashwa mu kolidori juu wezi wasiibe, ni vile vile.

Alama ya kukumbuka ni hii: kama watu wawili ao watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa saa moja, na wakitoka inje wanasikia nafuu, si malaria. Fungua milango, toa kila mtu, peleka mugonjwa ku hospitali na useme wazi kama mulikuwa na moto mu nyumba. Usirudi ndani peke yako kuchukua vitu.

Kaye moja, na kalamu

Wale wanaodumu na motokari za zamani wana kitu kimoja sawa: kaye. Wanaandika tarehe, kilometa, mafuta yalibadilishwa lini, mpira ni wa mwaka gani, mastiki ya paa iliangaliwa lini. Hakuna mtu anayekumbuka vyote na kichwa. Mu mine tunajua hii: shift inayotoka inaachia shift inayoingia maandiko, na mashine haiwashwe mbele ya kuizunguka na macho.

Kwa ndugu anayeshika dekonti finali na kufikiri kununua motokari ya zamani, ninaomba afanye mambo haya mbele ya kutoa franka:

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na umulipe siku yake. Fika wakati moteri ni baridi. Muuzaji akikungoja na moteri yenye joto, ujiulize juu ya nini. Soma DOT ya mipira yote, na ile ya akiba. Kanyaga freni dakika moja. Inama chini, tafuta kutu ku shasi na mafuta yanayodondoka. Omba kaye, kama haiko, hesabu kama hakuna kitu kilifanywa. Na usimalize pesa yote ku kununua. Weka fungu pembeni kwa freni, mipira na tiyo mbele ya safari ya kwanza. Mwenye kununua na franka ya mwisho anatembeza watu na mipira ya mwaka 2008.

Sendika inaweza kusaidia pia. Kila kampuni ya mine iko na mafundi wanaojua kuliko wauzaji wote. Tukipanga siku moja kwa mwezi, madelege na mafundi wa kujitolea, ili mwenzetu alete motokari anayotaka kununua iangaliwe, tutaokoa dekonti nyingi, na pengine maisha. Hii haiombi kungoja mukubwa wa kampuni akubali. Inaomba uwanja, saa mbili, na watu wa moyo.

Watu wa Empire walijifunza kama nyumba ya kampuni inaondoka na kampuni, na motokari-nyumba inabaki kwa mwenye kuichunga. Motokari, bateri, paa ya nyumba, yote ni vile: kinakaa na wewe miaka unayokiangalia.

Na mbabula, wamama, tafazali: leo mangaribi, mbele ya kulala, itoeni inje.